Taarifa ya Mwenyekiti, Wahitimu wa Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam) Tawi la Dodoma

Ndugu wanachama wenzangu, habari za siku.

Mambo ya kawaida sitayarefusha maana mnayajua, misiba tumeshiriki, wagonjwa tumewaona, na vijana wa fomu siksi tumewaelekeza namna ya kuomba chuo, kazi ambayo maandalizi yake karibu yote nimeyabeba mimi na katibu.

Sasa tuje kwenye ile shilingi 1,500,000 ya chama, naona imekuwa gumzo. Kamati iliamua hela ya sherehe ya mwisho wa mwaka iende kwa vijana wetu wawili walioomba skolashipu za masters. Ililipia mtihani wa Kiingereza wa IELTS, transkripti na kutuma vyeti, yaani vile vitu ambavyo mfadhili hakulipii kabla hajakuchagua, na hapo ndipo watoto wa maskini wanapokwama. Mmoja kapata Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza, yuko huko, mwingine anasubiri majibu ya DAAD, ile ya Ujerumani. Risiti zote ziko kwa mhazini, anayetaka aende akazione.

Kuna wanaosema huyo wa Uingereza harudi. Jamani, Chevening ni masters ya mwaka mmoja na sharti lake ukimaliza urudi kwenu ukae si chini ya miaka miwili, sasa atapotelea wapi? Na wanaosema hela ya wengi imeliwa na wawili wakumbuke chuo chetu kilivyoanza, Oktoba 1961, hata Uhuru bado, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kitivo kimoja tu cha sheria, wanafunzi hawafiki 15, na digrii zenyewe za Chuo Kikuu cha London. Mlimani tumehamia 1964, chuo kikuu cha taifa tumekuwa 1970. Wangesubiri mpaka wapatikane wengi, mimi na wewe tungesoma wapi? Uamuzi ule nausimamia mpaka leo.

Kinachoniuma ni mahudhurio. Mkutano wa Juni katibu alikodi viti 50, tulikaa 14, pilau ikabaki sufuria nzima tukawapa walinzi wa ukumbi. Halafu wasiokuja ndio wanaouliza nani aliamua!

Hesabu: wanachama 58, waliolipa ada ya 50,000 ni 23, jumla 1,150,000, na baki ya mwaka jana 900,000. Skolashipu 1,500,000, rambirambi, ukumbi na chakula 430,000, imebaki 120,000.

Mwaka ujao Mungu akipenda mfuko huu wa skolashipu tuufanye wa kudumu, na tuwafuate wazee waliosoma Mlimani miaka ya 70 watushike mkono. Madeni ya ada mpelekeeni mhazini kabla ya mkutano, na safari hii mje.