Kiti kimoja

Karagita, Naivasha
Jumapili jioni

Mwanangu,

Picha ya huyo samaki uliyemvua huko Uingereza tumeiona. Dada yako aliikuza kwa vidole viwili mpaka nikawa nahesabu magamba. Ni samaki aina ya kapu, mzuri, tumbo limejaa, ndevu zote nne zipo, mdomo haukuchanika. Umesema ratili 24, yaani kama kilo 11. Hapa kwetu sijamwona wa kilo 11 akitua ufuoni kwa miaka, maana wetu hawapewi nafasi ya kuzeeka. Mama yako ameshawaonyesha wanawake wote wa chama, na yule wa duka la unga ameonyeshwa mara mbili.

Mimi nilikuwa natazama nyuma yako. Kuna hema, kuna taa, kuna kiti. Kiti ni kimoja.

Nikauliza nani alipiga picha. Dada yako akasema siku hizi simu unaipangia tu, inajipiga yenyewe. Na ile saa pembeni ni saa tisa usiku. Sasa nakuuliza, na usinijibu kwa mzaha kama kawaida yako kwenye simu: ukiteleza hapo saa tisa usiku, nani atakuvuta?

Utasema Uingereza hakuna viboko. Najua. Lakini kiboko unamsikia. Anakoroma, mafunjo yanavunjika, mbwa wanabweka, unapata muda hata wa kusali kidogo. Baridi haina mlio. Mtu akitumbukia kwenye maji ya nyuzi 5, pumzi inamkatika kabla hajakumbuka kama anajua kuogelea. Na wewe hujui. Asubuhi ile ya kwenye mafunjo siirudii, unaikumbuka kuliko mimi. Ila mama yako mpaka leo anaamini ulinifuata kwa hiari yako, na mimi sijawahi kumsahihisha. Huo mguu unakusumbua kwenye baridi?

Sisemi uache kuvua. Ningeanzia wapi? Una jina la baba yangu, na kukukaripia sana naona kama namkaripia mzee. Tena kuna jambo umenifundisha, na sioni haya kulisema. Ile njia ya kutotia chambo kwenye ndoano, kinaning'inia pembeni kwa kiuzi chembamba kama unywele. Nilidhani ni michezo ya wazungu. Juzi nikachukua uzi wa cherehani wa mama yako, nikatunga punje mbili za mahindi, nikaacha ndoano wazi, kando kabisa ya chambo. Nikawapata wawili kabla chai haijapoa. Kapu hang'ati. Meno yake yako kooni. Anafyonza, anaonja, anatema. Na anapotema ndipo ndoano tupu inamnasa mdomo wa chini. Miaka yote hii tulikuwa tunaifukia ndoano ndani ya ugali halafu tunalalamika kwamba samaki ni mjanja.

Lakini hivyo vidonge vya duara vya chambo unavyonunua, bei yake nilimwambia jirani akadhani nakosea kuhesabu. Mwanangu, unga wa mahindi huko upo. Songa ugali mgumu, uache upoe, kanda na unga wa ngano kidogo na dagaa waliosagwa mpaka donge lisishike mkononi. Viringisha kama gololi, chemsha dakika mbili lipate ngozi. Haliyeyuki haraka, na harufu yake kapu anaifuata kutoka mbali. Unatuma pesa nyumbani kila mwezi, hilo sikunyimi sifa, lakini mtu anayenunulia samaki chakula cha bei hiyo, kisha anamlaza kwenye mkeka, anampaka dawa mdomoni na kumrudisha majini! Nilisimulia ufuoni wakacheka mpaka mmoja akamwaga uji. Wakaniuliza kama huwa unamwuliza hali ya watoto.

Na kwa sasa usimwagie chambo kingi. Ulisema majani yameanguka na asubuhi nyasi zina barafu. Kapu mwenye baridi anakula kidogo sana, anakaa chini tu na kusubiri. Ukimtupia konzi mbili za mahindi, punje zinaoza hapo na yeye hajagusa. Tupa punje tano, sita, na moja kwenye unywele. Hapa wetu wanakula mwaka mzima kwa kuwa maji hayafiki baridi hiyo. Hata ile Julai ya kutetemeka wanapunguza tu. Kwetu kinachobadilisha mambo ni mto Malewa. Mto ukishuka mwekundu mwezi wa nne, wanapanda kwenye nyasi zilizofunikwa na maji, migongo nje, unawaona kama nguruwe shambani. Kwenu naona kinachoamua ni upepo. Ukija wa joto kutoka kusini magharibi, kaa upande unakopiga, chakula kinasukumwa huko. Ukija wa kaskazini, nenda kalale. Nimesema kalale kwa makusudi. Kuvua mchana kuna ubaya gani? Samaki aliyelala baridi usiku kucha anaamka saa sita, saa saba, jua likigusa maji kidogo. Kwa majira haya saa yako ya kuvua ni hiyo, na saa hiyo watu wapo.

Leseni nimefurahi umekata. Uliposema faini ya kuvua bila leseni inafika pauni 2,500 nilikaa chini. Mimi nililala ndani siku mbili kwa ajili ya nyavu za macho madogo, na wewe uliambiwa nimeenda Gilgil kuona ng'ombe. Basi. Hiyo ya mito yenu kufungwa kutoka tarehe 15 Machi hadi 15 Juni ni sheria nzuri, hata sisi tunafungiwa ziwa na tunanung'unika na baadaye tunakula matunda yake. Umesema bwawa lenu ni la mtu binafsi, halifungwi. Sawa. Lakini ukiwaona mwezi wa tano wanafukuzana kutaga kwenye majani ya kando, funga ufito wako wa kuvulia uende nyumbani. Usingoje uambiwe na mtu.

Huku maji yamezidi kupanda. Mtaani Kihoto watu wamehama tena, wengine wametolewa kwa mashua, na masanduku yao vichwani. Kwetu yamekula lile shamba la chini mpaka kwenye ule mti mkubwa wa miiba. Maharagwe yako ndani ya maji. Jana jioni nimesimama pale nikaona matope yanafuka, mapovu yanapanda, nikajua ni kapu anachimbua mistari ya mama yako. Walionekana ziwani humu mwaka 2001, wameshuka na mto, tukawakataa kwa mifupa na harufu ya tope. Haikuchukua miaka kumi wakawa ndio wamejaza nyavu. Karo yako imetoka kwao. Sasa wamekuja kudai shambani.

Ng'ombe amezaa, dume, bahati mbaya. Dada yako ana mitihani wiki ijayo na anasoma kwa taa ya simu, ukimpigia usimweke saa nzima. Paa la jikoni linavuja palepale. Fundi alikuja akatazama, akaomba pesa ya nauli, hajarudi.

Kuhusu paa: pesa ya mabati usitume mwezi huu. Nunua jaketi la kuelea. Si lile nene la kwenye mashua, utaliacha kwenye gari. Ulinieleza kuna jembamba kama mkanda wa mabegani, linalojaa hewa lenyewe likigusa maji. Nunua hilo. Sufuria zitaendelea kukinga matone, zimeshazoea. Na huko lazima kuna mahali wanafundisha watu wazima kuogelea, maji ya moto, ndani ya nyumba. Nenda. Ningekufundisha mimi ungekuwa unajua, lakini kila ulipotaka kuingia nilikufukuza kwa fimbo nikidhani nakuepusha na kiboko. Ndio hivyo.

Kazini ulisema kuna kijana wa Zimbabwe mnayepokezana zamu, naye anapenda ufito. Anapumzika siku gani?

Mama yako amefuma soksi za sufu, jozi tatu, anazituma kwa mtoto wa mwalimu anayesafiri tarehe 9. Alifuma kwa kukumbuka mguu wako ulivyokuwa, na mimi namwambia umekua tangu hapo, hataki kusikia. Tuandikie namba ya kiatu kabla hajafunga ncha. Na hilo la kiti lijibu humohumo.

Ni mimi baba yako