Makocha wa baiskeli wawaachie vijana siku ya raha

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na makocha wa baiskeli wa hapa Mbeya. Tangu Kigali ilipoandaa Mashindano ya Dunia ya mbio za barabarani mwezi Septemba 2025, yakiwa ya kwanza kufanyika barani Afrika, vijana ninaokutana nao barabarani wana hamu kubwa ya kushindana, na hilo ni jema. Kinachonisikitisha ni kuwaona baadhi yao wakiitelekeza baiskeli baada ya muda mfupi, kwa kuwa kila wanapoipanda wanahesabiwa dakika.

Nami, pamoja na umri wangu, najiandaa kwa mbio, na uchovu huo naujua. Barabara ya Uyole kwenda Tukuyu ikishapita Igawilo hupanda bila huruma hadi Isyonje, na kwa kuwa jiji lenyewe liko mita zipatazo 1,700 juu ya usawa wa bahari, pumzi hukatika mapema. Nilikuwa naupanda mlima huo macho yakiwa kwenye saa ya mkononi, nisione mashamba ya viazi wala Mlima Rungwe.

Raha ilinirudia kupitia ratiba yenyewe ya mazoezi. Wanamichezo wa mbio ndefu hutumia sehemu kubwa ya muda wao katika mwendo mwepesi, ule unaomwezesha mtu kuongea bila kuhema, kwa sababu huujenga moyo bila kuichosha miguu. Siku za mwendo huo huvuka Isyonje, nikateremka hadi Kiwira na kurudi sambamba na wabeba ndizi. Baiskeli zao hazina gia. Keria zimeongezewa nondo, mikungu imefungwa kwa mipira ya tyubu, na penye mwinuko hushuka wakazisukuma huku wakipiga soga. Kwenye mteremko wengine husaidia breki kwa kukandamiza tairi kwa kandambili, jambo ambalo simshauri mtu aliige. Nikikanyaga taratibu kando yao, nikisalimia “Ugonile” nikajibiwa kwa utani, Isyonje hufika kabla sijaikumbuka saa.

Wapo watakaosema kwamba ubingwa hauji kwa soga. Siku ya kupanda kwa nguvu zote ipo na lazima iheshimiwe, na mimi naiona imekuwa bora zaidi, maana naifikia nikiwa na miguu iliyopumzika na, kusema kweli, nikiwa na hamu nayo.

Ombi langu ni kwamba ratiba ya vijana iwe na angalau siku moja kwa wiki isiyo na saa wala nafasi ya kugombea, wachague wenyewe njia, na mzazi asiwaulize nani alitangulia. Kofia ngumu zivaliwe siku hiyo pia, na wasitande barabarani, kwani malori yaendayo Kasumulu hayatofautishi mazoezi na matembezi.

Mwendesha baiskeli,
Uyole, Mbeya