Barua kwa Baba: Mto Uliofungwa

Port Angeles, Washington
26 Januari 2025

Baba, shikamoo. Na Mama shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama wote hapo Katonga, Bibi na mgongo wake akiwemo. Mimi ni mzima. Kazi ya kulea wazee inaendelea, na baridi ya mwaka huu nimeizoea kuliko ya mwaka jana.

Ningeweza kupiga simu. Lakini mara ya mwisho tulipozungumzia ile miezi mitatu ziwa letu la Tanganyika lilipofungwa watu wasivue, kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti mwaka jana, sauti yako ilipanda na mimi nikanyamaza, maana sikuwa na la kukuambia. Sasa ninalo, ila ni refu, na simu hukatika.

Wiki iliyopita nilikwenda kuvua. Jirani yangu mmoja, mzee aliyekata magogo katika misitu ya huku tangu ujana wake, alisikia kwamba mimi ni mtoto wa mvuvi wa Tanganyika. Akanigongea mlango saa kumi alfajiri. Tukaenda magharibi kilomita 90 hivi hadi mji unaoitwa Forks, penye mto Bogachiel. Mwezi huu jua huku linachomoza karibu saa mbili asubuhi, kwa hiyo tulifika na giza, tukakaa garini tukinywa kahawa na kuusikiliza mto bila kuuona.

Samaki tuliyemfuata anaitwa stilihedi, yaani kichwa cha chuma. Huyu na trauti wa mtoni, yule mwenye utepe wa waridi ubavuni, ni samaki mmoja. Wanazaliwa kwenye changarawe ileile. Mmoja anabaki mtoni maisha yake yote. Mwingine, akitimiza miaka miwili hivi, anageuka rangi ya fedha na kuteremka baharini, anakula huko mwaka mmoja au miwili au mitatu, kisha anarudi kwenye mto aliozaliwa akifuata harufu ya maji yake. Anarudi na kilo tatu, nne, wengine saba na zaidi. Samoni wengi wa huku wakishataga hufa, lakini stilihedi anaweza kutaga, akarudi baharini, akaja tena. Ungempenda, Baba.

Uvuvi wake haufanani na wetu hata kidogo. Sisi tunamwita samaki: tunaingia na giza, tunawasha taa, dagaa wanapanda kwenye mwanga, mgebuka wanawafuata dagaa, na siku za mbalamwezi tunalala nyumbani. Huku unamwendea samaki alipo, mchana, mmoja mmoja. Unavaa suruali ya mpira inayofika kifuani, unaingia majini na kuanza kuutazama mto. Mzee alinionyesha kwa kidole. Pale maji yanapokwenda mbio, samaki hakai, atachoka. Pale yaliposimama, hakai pia. Anakaa kwenye mpaka wa maji mawili, ya haraka na ya polepole, penye kina cha kimo cha mtu au pungufu, mahali ambapo jani likipita juu linakwenda mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mvua ikinyesha sana mto unakuwa rangi ya chai ya maziwa na hakuna haja ya kutupa mshipi. Unasubiri siku mbili tatu, mpaka maji yageuke kijani kama chupa. Siku hiyo yalikuwa ya kijani.

Nilitupa tangu kunakucha mpaka saa sita bila kuguswa. Unatupa juu ya mkondo, kiboya kinateremka, unakifuata kwa macho, unavuta, unasogea hatua mbili, unatupa tena. Vidole vilikufa ganzi. Nilikumbuka ulivyokuwa ukituambia kwamba mvuvi anayelihesabia ziwa saa zake atarudi pwani mapema. Sikuhesabu. Kisha kiboya kikazama, taratibu tu, kama kimegusa jiwe, nikainua fimbo na lile jiwe likakimbia. Baba, lilikimbia! Liliruka mara mbili nje ya maji, jeupe kama sufuria mpya. Dakika kumi au zaidi nilikuwa nimekaza magoti mchangani mwa mto huku mzee akipiga kelele nisimlazimishe.

Nilipomfikisha miguuni nikainama kumwinua. Mzee akanishika mkono. Akanionyesha pezi dogo la mwisho mgongoni, karibu na mkia, lile laini lisilo na mifupa. Samaki wanaokuzwa kwenye vituo vya vifaranga hukatwa pezi hilo wakiwa wadogo kabla ya kuachiwa mtoni. Aliyekatwa unaruhusiwa kumpeleka nyumbani. Mwenye pezi lake ni mzaliwa wa mto, na tangu 2016 sisi wavuvi wa fimbo haturuhusiwi kuchukua hata mmoja wa aina hiyo katika jimbo hili. Hata kumtoa majini ili upige naye picha hairuhusiwi. Na ndoana tulizotumia hazina ule mwiba wa nyuma unaomzuia samaki kuchomoka, kwa hiyo inatoka kwa mguso mmoja. Wangu alikuwa na pezi lake. Kilo tano, hakupungua. Nilimshika chini ya tumbo, nikamwelekeza kichwa kwenye mkondo mpaka apate pumzi, na nakuambia ukweli, mikono ilikataa kufunguka. Mimi niliyelelewa kwa samaki, niliyesomeshwa kwa samaki, namwachia samaki wa kilo tano! Alipoondoka alinipiga maji usoni kwa mkia.

Alasiri nilimpata mwingine, mdogo zaidi, pezi limekatwa. Huyo tulimla, kwa ndimu na chumvi tu. Lakini kabla sijatupa mshipi tena ilinibidi nitoe kadi yangu ya mvuvi na kuandika hapohapo: tarehe, mto, samaki mmoja. Msimu ukiisha kadi inarudishwa, hata kama hukupata kitu.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Tukirudi, karibu na Port Angeles, mzee akakata kona kunionyesha mto Elwha. Kilomita nane tu kutoka baharini watu walijenga ukuta wa kuzuia maji ili kupata umeme, ukamalizika 1913, na hawakuwaachia samaki njia ya kupanda. Mwaka 1927 wakamaliza wa pili, upande wa juu wa mto, wenye kimo cha mita 64. Mto una urefu wa zaidi ya kilomita 70, na samaki wa baharini wakabakiwa na nane. Wenyeji wa mto ule ni Waklallam. Mkataba waliosaini na Marekani mwaka 1855 uliwaachia haki yao ya kuvua, lakini haki ya kuvua penye mto usio na samaki utaipika vipi? Walidai miaka na miaka. Sheria ya kuurudisha mto ikapita 1992, kuta zikaanza kubomolewa Septemba 2011, na jiwe la mwisho likaondoka Agosti 2014. Tope la karne nzima likateremka mpaka mdomoni mwa mto, na pwani yake ikasogea mbele baharini.

Mwaka uleule wa 2011 mto ulifungwa, na Waklallam wakaweka nyavu zao pembeni. Hawakuvua tena humo mpaka Oktoba 2023, na hata hapo ni kidogo tu, samoni wa aina ya koho, kwa sherehe zao na chakula cha nyumbani. Miaka 12, Baba. Mtoto aliyezaliwa mto unafungwa alikuwa darasani kabla hajamwona babu yake akivua pale.

Na kuna wale trauti waliofungiwa juu ya kuta karibu miaka 100, vizazi kwa vizazi, hawajui chumvi ni nini. Kuta zilipoondoka stilihedi wa kiangazi walionekana wakipanda mpaka sehemu za juu kabisa, na wataalamu walipochunguza vinasaba vyao wakakuta ni damu ya trauti hao.

Siandiki haya ili nikushinde. Mlipofungiwa ziwa, Mama alikaa bila dagaa wa kuanika na deni la injini halikusubiri. Hilo sijalisahau, na ziwa letu lina nchi nne, si mto mmoja wa milimani. Lakini nimeiona tofauti. Waklallam hawakufungiwa, walifunga. Walikuwa mezani tangu mwanzo, watu wao wamo kati ya wanaohesabu samaki, na wengine waliajiriwa kupanda miti kwenye udongo uliobaki wazi. Hasira yako nadhani ilikuwa ya hapo, kwamba hakuna aliyekuja mwaloni kukuuliza wewe uliyelijua ziwa hilo miaka 40.

Kwa hiyo nakuomba kitu. Nimemtumia dada hela. Katika hizo toa ya daftari lenye jalada gumu. Kila asubuhi mkitia nanga, andika: tarehe, mlikovua, ndoo ngapi za dagaa, migebuka wangapi na ukubwa wao. Usiku usiotoka kitu uandike pia. Wakifunga tena, endelea siku ya kufungua. Halafu ukikaa kwenye kamati ya mwalo, uende nalo mkononi. Mdogo wangu ana mwandiko mzuri, macho yakichoka mwambie yeye.

Wasalimie wenzako wote wa chomboni. Na daftari likishajaa kurasa kumi, mwambie dada azipige picha anitumie.

Mwanao.