Mbwana, ile ilikuwa betri

Barabara ya 12, Ngamiani
Tanga

Ndugu yangu Mbwana,

Asalaam aleikum. Huku sote wazima. Mama anakusalimu, na mtoto wa dada ameanza kutembea kwa hiyo hakuna glasi iliyo salama nyumbani. Simu zangu hupokei, ujumbe unausoma halafu kimya. Basi nimeona nikae niandike barua ndefu, isiyojibika kwa kidole gumba tu. Isome yote, hata ukiisoma vipande vipande ukiwa kwenye daladala.

Athumani wa timu yetu kaniambia umesema waipu hii, ramani ikifutwa tuanze upya, huingii, na huenda Rust yenyewe, gemu letu la kompyuta, unaiacha. Nilipomuuliza sababu akapandisha mabega. Sababu ninaijua. Ni lile neno la mwenzetu Mhina asubuhi ile tulipovamiwa, kwamba mlinzi gani analala kabla ya adui. Alisema kwa uchungu. Tuliingia gemu tukakuta milango ya chuma ya ngome yetu imelipuliwa, masanduku yote wazi, salfa yote imekwenda, hata ile mbao ya salamu uliyoipaka rangi wameing'oa. Lakini uchungu haumpi mtu haki ya kusema lisilo kweli, na lile halikuwa kweli.

Wewe hukulala. Umeme ulikatika huko kwenu Dunda, Bagamoyo, kompyuta ikazimika, na gemu ile haina huruma: ukitoka, kwa kupenda au kwa kulazimishwa, mwili wako unabaki pale pale umelala chini. Wavamizi wakakukuta ubavuni mwa kabati. Aliyeona picha ile alisema umelala zamu, kumbe ulikuwa umekaa gizani na mshumaa, unasubiri umeme urudi.

Tuache hilo pia. Tuseme umeme wenu haukukatika, uko macho, bunduki mkononi. Ungefanya nini peke yako na tareti 4, zile bunduki za umeme zinazojilenga zenyewe, zimekufa? Ninachotaka ukielewe leo ni kwamba tareti zilikuwa zimekufa kabla yako. Nilipoisogelea betri asubuhi ilisoma sifuri. Nimechukua kalamu nikapiga hesabu, na hesabu hii nimemwonyesha Mhina, naye nitakwambia alivyofanya.

Tareti moja inakula 10 kwa kipimo cha umeme cha mle. Tulikuwa nazo 4, hiyo ni 40. Taa ya dari inakula 2, na Mhina alifunga 5 kwa sababu alitaka ghala lipendeze, hiyo ni 10 nyingine. Mzigo wote 50. Betri yetu ya kati uwezo wake wa kutoa ni hiyo hiyo 50, na ikijaa inabeba 9,000, yaani kipimo hicho mara dakika. Gawanya: dakika 180. Saa 3 tu, bila jua.

Sasa utasema jua lilikuwepo. Lilikuwepo, ndiyo. Paneli moja ya sola, hata jua likiielekea barabara, haizidi 20. Tulikuwa na 2 tukaziunga, hiyo ni 40. Na betri haipokei yote inayopewa, inahifadhi asilimia 80, kwa hiyo kinachoingia ni 32. Kinaingia 32, kinatoka 50. Yaani mchana kweupe, saa 6, betri ilikuwa inapungua 18 kila dakika. Jua lingesimama utosini lisitue kabisa, betri iliyojaa ingeisha baada ya dakika 500, saa 8 na dakika 20. Na jua la mle halisimami, usiku unaingia kila baada ya muda na hapo panapungua 50 nzima kila dakika. Tulikuwa tunakula mtaji toka siku tuliyoongeza zile tareti 2 za nyuma na taa za Mhina, na kila tuliyepita pale tukiziona zimewaka tulidhani biashara inakwenda.

Ndiyo maana nasema haikuwa zamu yako. Ingekuwa zamu ya Athumani zingezimika vile vile. Yangu, vile vile.

Kinachoniuma mimi ni kwamba betri za mle hazikupi dalili. Hapa dukani mteja akija na betri yake ya sola imechoka, ataanza na malalamiko: taa zimefifia, redio inakoroma, inveta inapiga kelele. Betri ya maji ukiikamua kila siku kupita nusu yake inakufa mapema, lakini angalau inalalamika kwanza. Ya kwenye gemu inatoa kamili mpaka tone la mwisho, halafu ghafla haipo. Ukitazama tareti huwezi kujua kama imebakiwa na saa 3 au sekunde 3. Sharti uende ukaisome betri yenyewe, na nani anakumbuka kwenda kusoma betri watu wakiwa wanapiga risasi nje?

Sasa nakuja kwenye jambo lenyewe. Hatuhitaji mlinzi mkali zaidi. Tunahitaji betri ya akiba, na iwe akiba kweli, siyo betri 2 zilizopangwa zikafa pamoja.

Nimefikiria hivi. Betri ya kwanza inafanya kazi ya kila siku. Umeme wake ukitoka tunauchepusha kidogo, kiasi kidogo kabisa, unakwenda kwenye ubavu wa bloka, kile kifaa cha kuzuia umeme. Uliobaki unaingia mguu wa kwanza wa swichi ya "au". Betri ya pili, ya akiba, inapita ndani ya bloka hiyo hiyo kisha inaingia mguu wa pili wa "au". Kutoka kwenye "au" ndiyo tunakwenda tareti. Basi. Betri ya kwanza ikiwa hai, inaishikilia bloka, na bloka inaizuia ya akiba isipite. Ya kwanza ikifa, hakuna wa kuishikilia bloka, mlango unafunguka wenyewe, akiba inapita. "Au" haijali umeme umetoka upande gani, inachukua ulio mwingi. Ni chenji ova, Mbwana. Ile ile tuliyomfungia Shekhe pale msikitini kwa ajili ya kipaza sauti, tofauti ni kwamba pale muadhini anaigeuza kwa mkono na hii inajigeuza.

Na utaona mwenyewe kwamba taa za Mhina hazina nafasi hapo. Betri inatoa 50, tukichepusha kidogo kwa ajili ya bloka, kilichobaki kinatosha tareti 4 na chenji kidogo. Akitaka taa aziwekee paneli yake na betri ndogo. Ile ndogo inatoa 10 na inabeba 150, robo saa ya mwanga, inamtosha mtu kupanga masanduku akaondoka.

Akiba inajazwa vipi, najua utauliza. Tunachepusha 10 kutoka kwenye chanzo, inahifadhi 8 kila dakika, polepole, haina haraka kwa sababu haitumiki. Na chanzo chenyewe lazima tukibadilishe. Paneli 2 hazitoshi, hilo tumeshaliona. Nataka kinu cha upepo. Kikipata upepo mzuri kinafika 150, na kadiri unavyokipandisha juu ndivyo kinavyoupata. Ila kinaonekana toka mbali na yeyote mwenye roketi atakianza hicho. Kianzwe! Hapo ndipo akiba inapolipa. Wakishavunja kinu na paneli, wanakaa vichakani wanasubiri umeme uishe, ndiyo mchezo wao, na safari hii wakija wakidhani tareti zimekufa watakuta zimeamka upya. Betri zote ndani, nyuma ya kuta mbili. Nje kibaki cha kuvunjwa tu.

Kwa mzigo wa 40, akiba iliyojaa inatupa dakika 225. Tuseme ya kwanza imekufa saa 7 usiku. Akiba inatufikisha saa 11 kasoro robo, na saa hiyo huku kwetu Athumani anaamka kutawadha. Anachungulia gemu kwenye simu kabla hajavaa kanzu, unamjua.

Ah, simu. Karibu nisahau na hili ndilo lililonifanya nikae niandike badala ya kusubiri tuonane. Ile Rust+, programu ya gemu ya kwenye simu, tuliyokuwa tunaitumia kuchungulia ramani tu. Kuna kengele yake unaifunga ndani ya gemu kwenye waya kama taa, ikipata umeme inapeleka taarifa kwenye simu, hata kama hakuna aliyeingia. Tuifunge baada ya bloka. Yaani betri ya kwanza ikifa tu, akiba inaamka, na inapoamka inaipa umeme kengele, simu zetu 4 zinalia. Waza usiku ule ungekuwaje. Umeme umekatika Dunda, kompyuta imezimika, wewe uko gizani na simu mkononi ina bando. Kengele ingekufikia wewe, ingenifikia mimi huku, ningeingia. Huku kwetu umeme ulikuwepo usiku kucha. Nilikuwa nimelala tu, mita 3 kutoka kwenye kompyuta.

Hilo linanirudia kichwani kila mara. Kumuweka mtu mmoja macho usiku kucha amlindie mwenzake aliyelala, wakati mashine ina uwezo wa kuwaamsha wote, sio haki. Zamu sitaki tena. Nimewaambia wenzetu na wamekubali.

Mhina nilimwonyesha karatasi pale kwa muuza kahawa. Aliisoma, akaisoma tena, akaniuliza ile 18 imetoka wapi, nikamwonyesha. Akakaa kimya mpaka kahawa ikapoa. Halafu akasema, "Mbwana ana hasira na mimi?" Nikamwambia amuulize mwenyewe. Ana aibu, Mbwana, na wewe unajua mtu wa Lushoto akiona aibu anavyozunguka mlima mzima ndipo afike. Akikupigia pokea. Hata usipoongea sana, pokea.

Alhamisi hii ndiyo ya kwanza ya mwezi. Waipu inashuka saa 1 usiku ya Uingereza, na wao sasa wako kwenye saa zao za kiangazi, kwa hiyo kwetu ni saa 3 usiku. Ramani mpya, kila mtu ana jiwe na mwenge, tajiri na maskini sawa. Mimi nitakusanya vyuma, Athumani mbao na mawe kama kawaida yake, Mhina kaomba mwenyewe apewe kazi ya kutafuta betri na vifaa vya umeme. Kuta tunajua kujenga. Lakini waya, hakuna anayefunga waya kama wewe. Mimi ni fundi wa sola wa kulipwa pesa, na bado nikiingia chumba ulichofunga wewe najua papo hapo ipi inachaji na ipi inatoa: nyekundu inatoka, kijani inaingia, zote zimepita kwenye kona ya dari, hakuna iliyokatiza katikati ya chumba. Athumani akifunga yeye chumba kinakuwa wavu wa kambare. Na saketi hii ikifungwa ovyo, bloka ikipewa waya wa akiba ubavuni badala ya wa betri ya kwanza, akiba itajizuia yenyewe na tutarudi kule kule.

Nina ombi dogo pia. Lile daftari la kijani uliloondoka nalo, lenye michoro yetu, lina ule mnara mrefu ulioutengeneza mwaka juzi. Nadhani kinu cha upepo kitakaa vizuri juu yake. Nipigie picha kurasa zile, hata ukiamua usije.

Lakini uje. Kompyuta yako inakaa muda gani kwa betri yake umeme ukikatika, au ilishakufa ile? Nikikutumia yupiesi ndogo, ile betri ya akiba ya kompyuta, kwa basi la Jumanne utaweza kuipokea stendi, au kuna mtu anakuja Tanga kabla ya hapo nimpe mkononi? Ruta nayo umeiwekea chochote au inazimika pamoja na nyumba? Shemeji hali yake vipi, na lile soko lako la samaki pale ufukweni bado wanakuuzia kwa bei ya kwetu au wameshakujua kuwa una mshahara? Je, swichi ya "au" unaona inatosha, au wewe ungetumia kombaina, ile inayojumlisha umeme wa pande mbili, pale mwisho? Na je, nimweke Mhina chumba kimoja na wewe kwenye sauti Alhamisi, au mwanzo ukae na mimi na Athumani tu?

Nijibu kabla ya Jumanne kwa sababu ya basi.

Wasalaam,
Bakari