Nyasi bahari za Mikindani hazihitaji urea

Mhariri,

Kwenye kikao cha wavuvi hapa Mikindani, ndugu mmoja alipendekeza tumwage urea ghubani ili nyasi bahari zistawi na samaki aina ya tasi warudi. Watu walicheka, lakini wazo hilo lina watetezi, tena waliosoma. Naomba nafasi nilipinge.

Ni kweli nyasi hizi zinahitaji chakula. Zinatumia naitrojeni na fosforasi, na tofauti na mwani, zina mizizi hasa inayovuta chakula mchangani. Majani nayo hunyonya kilichomo majini. Kwenye mchanga mweupe wa matumbawe, kama ule wa kijiji cha Msimbati hapa mkoani Mtwara, fosforasi hunaswa na chokaa, hivyo huko nyasi zinaweza kuwa na njaa kweli. Mikindani mambo ni mengine. Ghuba yetu ina mlango mwembamba na imezungukwa na makazi; maji machafu yakiingia hayatoki upesi. Bamvua, yaani maji makuu, likitoka, inama uchume jani moja. Limevaa utelezi wa kahawia kama manyoya, mpaka uusugue kwa kidole ndipo uone kijani. Ule ni mwani mdogomdogo, unaogombea chakula hichohicho na kulinyima jani mwanga. Tukimwaga urea, utakaonenepa kwanza ni huo.

Halafu kuna msimu. Wakati wa kusi, upepo wa katikati ya mwaka, bahari hupoa na kuchafuka, mwanga haufiki vizuri chini, na jani hukua taratibu hata chakula kikiwepo. Kaskazi, upepo wa mwisho na mwanzo wa mwaka, huja na joto na jua, lakini mvua zetu za Desemba hadi Aprili zinaangukia humohumo, zikishusha udongo na mbolea za mashambani. Mtu akija kupima Januari tu, atajuaje kilichokuza nyasi ni chakula au ni jua?

Kwa hiyo wataalamu wapime kusi na kaskazi, Mikindani na Msimbati, kwa vipimo vilevile. Huko Msimbati kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma tangu mwaka 2000, basi pa kuanzia papo. Huku kwetu, kabla ya kuongeza chochote baharini, tuanze na mifereji inayomwaga ghubani.

Mkazi wa Mikindani,
Mtwara