Tusiwafundishe wasafiri kurusha sarafu Izumo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe ushauri uliotolewa katika makala yenu ya utalii kuhusu Izumo Taisha, hekalu kongwe la Kishinto, dini ya jadi ya Wajapani, katika mkoa wa Shimane, magharibi mwa Japani. Makala hayo yaliwahimiza watakaofika huko warushe sarafu kwenye kamba kubwa takatifu inayoning'inia mbele ya Kaguraden, jumba la ngoma za ibada, eti ikinasa bahati imekubali. Ni kweli kwamba wageni wengi walikuwa wakifanya hivyo, Wajapani wenyewe wakiwamo, lakini hekalu limeomba mchezo huo ukome.

Kamba hiyo, yenye urefu wa zaidi ya mita 13 na uzito wa takriban tani 5, husukwa kwa mabua ya mpunga na wakazi wa Iinan, mji mdogo wa milimani katika mkoa huohuo, nao huisuka nyingine kila baada ya miaka kadhaa iliyopo inapochakaa, kama walivyofanya mwaka 2018. Ukisimama chini yake utaona ncha zake nene zilizokatwa bapa kama ufagio. Humo ndimo sarafu zilimokuwa zikinasa na kulegeza mabua yaliyokazwa kwa jasho la watu. Mwenye nia ya kutoa, sanduku la sadaka lipo papo hapo.

Makala yalisema pia kwamba mwenye kusali hupiga makofi mawili. Hiyo ni desturi ya mahekalu mengi ya Kishinto. Izumo mtu huinama mara mbili, akapiga makofi manne, kisha akainama mara moja.

Lililonishangaza zaidi ni kwamba jumba kuu, lililojengwa mwaka 1744 na kufikia kimo cha mita 24, halikupewa hata sentensi moja. Mgeni wa kawaida haruhusiwi kuliingia, hivyo huliangalia kutoka nje ya uzio, na paa lake la magome ya miti ndilo linaloonekana vizuri. Mwaka 2000 wachimbuaji walifukua uwanjani hapo nguzo ya kale ya magogo matatu ya mwerezi yaliyofungwa pamoja, yenye kipenyo cha mita 3 hivi, ikaipa nguvu simulizi kwamba zamani jumba lilifika mita 48. Habari hiyo, kwa maoni yangu, ingemfaa msafiri kuliko bahati ya sarafu.

Naomba sahihisho lichapishwe kabla ya mwezi wa kumi wa kalenda ya zamani ya Kijapani, kwani wakati huo, kwa imani ya wenyeji, miungu ya nchi nzima hukutana Izumo, na wageni huwa wengi.

Msomaji wenu,
Morogoro