Risala ya Kikundi cha Mtandao wa Jamii, Mathare, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa mgeni rasmi, Profesa, mzee wa mtaa, wazazi na wanachama wote, hamjambo.

Karibu sana Mathare. Umetumia miaka yako ya kazi kuchunguza jinsi mitandao ya kompyuta ya jamii inavyogusa maisha ya watu. Ulipotutembelea mara ya kwanza ulitusimulia habari za Berkeley, Marekani, mwaka 1973: mashine ya Community Memory, ubao wa matangazo wa umma uliotumia kompyuta, ikiwa katika duka la santuri, imefunikwa boksi la kadibodi kupunguza kelele, na wanamuziki wakitafutana kupitia hiyo. Ukatuambia tuulize kwanza nani ameweza kumfikia nani. Swali hilo tumeliandika ukutani.

Kikundi chetu, kinachowaunganisha majirani na intaneti, kilianza na rauta moja juu ya mabati. Mamlaka ya Mawasiliano ilipotoa mwongozo wa leseni za mitandao ya jamii mwaka 2021, tulipata moyo mpya. Leo tuna antena tatu, na Mathare nzima inatutambua.

Profesa, stima ikipotea, yote hayo huzimika. Jumanne iliyopita ilipotea saa mbili usiku. Wasichana wanne wa kidato cha nne walikuwa wakipakua karatasi za marudio ya KCSE, na ya hesabu ilikuwa imefika nusu. Walingoja gizani hadi saa nne, simu mkononi, kisha mama zao wakawafuata. Kwa swali lako mwenyewe, usiku huo hakuna aliyemfikia yeyote.

Mgeni wetu wa mwaka juzi aliahidi betri kwenye kiti hicho hicho ulichokalia. Tulimshangilia, tukamwandikia barua tatu, na hadi leo hatujajibiwa. Watafiti nao wamekuja na madodoso, tukawajibu kwa moyo mmoja, ila ripoti hatujaziona. Tunasema haya kwa heshima, kwa kuwa wewe ulirudi.

Tunaomba betri mbili, inveta moja na paneli mbili za sola. Fundi tunaye, nyaya tumenunua, paa tumepewa na jirani bila kodi. Bei kutoka maduka ya Luthuli Avenue tumeziambatisha. Ikiwa haitawezekana, tunaomba utuambie leo, tukiwa hapa sote, ili tuanze kuchanga.

Ni sisi wanachama wako.